Mama Mfuniko: Mpishi anayeitia sabuni nyama ya kuchoma iliyobaki

Saa moja na robo asubuhi, siku ya Jumatatu, mwanamke aliyejifunga kitambaa cheupe kichwani amechuchumaa mbele ya beseni kubwa la plastiki, nyuma ya banda la kuchomea nyama. Ndani ya beseni kuna nyama. Si mifupa wala makombo ya sahani, ni nyama yenyewe: vipande vya paja na mbavu vilivyokatwa vyembamba, vya rangi ya kahawia iliyokolea, pembeni vimeshika moto kidogo kama wapendavyo walaji.

Anavimiminia maji yanayochemka. Harufu inapanda mpaka barabarani, na mchukuzi mmoja anayepita na mkokoteni anasimama bila kujijua.

Kisha mwanamke huyo anachukua kopo la sabuni ya unga, analimwaga lote, anaongeza makoleo mawili ya masizi na kuanza kukoroga kwa mpini wa ufagio.

"Mama, unafanya nini?" mchukuzi anauliza.

"Naitupa."

"Imeoza?"

"Sijui."

"Hujui, na unaitia sabuni? Si ungenipa mimi?"

"Nikikupa wewe ndiyo nitajua," anajibu, bila kuinua kichwa.

Mchukuzi anasukuma mkokoteni wake akinung'unika kwamba duniani kuna watu na viatu. Mwandishi wa simulizi hii naye amebaki mdomo wazi. Amekuja hapa kuandika habari tamu ya jinsi nyama ya jana inavyogeuzwa mchuzi wa leo, hajanywa hata chai, na anachokiona ni kilo tisa za nyama zikitoa povu.

Mfuko wa mwisho wa nyama, uliobaki kwenye ndoo iliyo kando yake, ni mdogo kuliko mingine aliyokwisha kuimimina. Juu yake kuna karatasi iliyoandikwa kwa kalamu nyekundu: MAMA. Anaushika. Anaurudisha kwenye ndoo, anauchukua tena, kisha anaupasua na kuumimina pamoja na mingine.

"Huo ulikuwa wa mama yangu mzazi," anasema, sasa akiwa amesimama na kujinyoosha mgongo. "Ana miaka miwili na miezi mitatu hajala nyama kutoka mkononi mwangu. Leo ndiyo alikubali ale."

Mtaani wanamwita Mama Mfuniko. Ana miaka arobaini na sita, na ishirini kati ya hiyo ameitumia katika banda hili. Kazi yake si kuchoma. Kuchoma kuna mwenyewe, mwanamume mkimya anayeitwa Fundi Makaa. Kazi ya Mama Mfuniko huanza pale kazi ya Fundi Makaa inapoishia: nyama iliyobaki, aihifadhi, na kesho yake aifanye chakula kingine ambacho watu watakilipia bila kunung'unika.

Jina alipewa kwa sababu ya tabia. Alikuwa hawezi kuona chombo wazi. Sufuria ikiachwa bila mfuniko anatafuta sahani, sahani ikikosekana anatafuta gazeti. "Hata mazungumzo ya watu nilikuwa nayafunika," anasema na kucheka kidogo. "Nzi akitua kwenye chakula changu, mimi siku hiyo silali."

Lakini kwa nini kumwaga nyama ngumu kama jiwe, iliyotoka kwenye friza inayonguruma vizuri?

Anamwita mwandishi ndani, anafungua friza na kutoa chupa ya soda. Humo hutia maji nusu, anaigandisha ikiwa imesimama, kisha anaigeuza kichwa chini na kuiacha hivyo. Siku zote barafu huwa imening'inia juu, kwenye kitako. Asubuhi hii imelala chini, kwenye kizibo.

"Maana yake iliyeyuka ikashuka, halafu ikaganda upya," anaeleza. "Jumamosi jioni tulifunga. Jumapili hatufanyi kazi. Umeme umekatika hapo katikati, ukarudi. Saa ngapi, kwa muda gani, hakuna anayejua. Friza ukiiuliza itakwambia kila kitu ni salama. Chupa haina cha kuficha."

Mwandishi anaigeuza chupa mkononi mara tatu. Nyumbani kwake kuna friji ambayo umeme huikatikia kila wiki, na ndani yake tangu Alhamisi kuna paja zima la mbuzi ambalo alikuwa analipigia hesabu ya jioni. Hesabu hiyo inafutika papo hapo.

Kilo tisa za nyama iliyochomwa ni kama kilo kumi na tatu za nyama mbichi, kwa sababu moto hula sehemu yake. Mshahara wa Mama Mfuniko wa mwezi mzima hununua kilo ishirini na mbili. Asubuhi moja, kwa kopo moja la sabuni, amemwaga zaidi ya nusu ya kile anachopata kwa mwezi.

Sabuni na masizi navyo vina sababu yake. "Ukiitupa safi, itaokotwa," anasema. "Mimi naijua njaa, sijaisoma kitabuni. Pipa lile pale, nikitupa nyama nzuri, kabla sijafika mlangoni imeshaliwa. Yule mwenye mkokoteni amenichukia leo. Na anichukie tu."

Mwenye banda, ambaye wafanyakazi wote humwita Tajiri ingawa viatu vyake vimepasuka, anafika saa mbili. Anaangalia beseni na kuuliza kilo ngapi. Anapoambiwa tisa anaingia ndani na kuanza kupanga viti.

"Mara ya kwanza nilitaka kumfukuza," anakiri baadaye. "Nililia kabisa, mwanamume mzima. Sasa hivi nikikaa muda mrefu hajamwaga kitu, mimi ndiye naingiwa na wasiwasi."

Ana haki ya kuwa nao. Kilichotokea hapa miaka miwili na miezi mitatu iliyopita bado kinasimuliwa mtaani kwa sauti ya chini.

Siku zile nyama iliyobaki jioni haikukatwa. Mapaja mazima yaliingizwa kwenye sufuria kubwa yakiwa ya moto, moja juu ya jingine. Tajiri aliamini, kama waaminivyo wengi, kwamba kitu cha moto kikiingia kwenye friji kitaiua friji. Kwa hiyo nyama ilingojwa ipoe. Na Mama Mfuniko, mtu wa usafi, hakuweza kuiacha ingoje ikiwa wazi.

Akafunika. Kwanza mfuniko wa sufuria, kisha kitambaa kizito, kisha kitambaa cha pili, na juu yake jiwe ili paka asifunue. Sufuria akaiweka pembeni ya jiko, mahali pakavu ambapo mende hawafiki kwa sababu pana joto. Alifanya hivyo miaka na miaka, na watu walimsifu. Wateja waliambiana kwamba pale kwa Mama Mfuniko hata nzi anapiga hodi.

Wiki hiyo kidole gumba chake cha kulia kilikuwa na jipu dogo. Hakutaka kukosa kazi. Alikifunga kitambaa safi, akashika nyama kwa mkono uleule, akaipanga, akaifunika.

Asubuhi aliikata na kuichemsha saa nzima na vitunguu na nyanya. Saa nne mafundi wa karakana ya ushonaji iliyo ng'ambo ya barabara walikuja kunywa chai wakala mchuzi ule na mkate. Bakuli moja alilipeleka nyumbani mwenyewe, mwendo wa dakika kumi kwa miguu, kwa sababu mama yake alipenda nyama laini.

Kufikia saa nane mchana watu thelathini na saba walikuwa wanatapika.

"Nilikuwa kwenye cherehani," anasimulia fundi mmoja wa karakana, mwanamke wa makamo ambaye bado anashona pale. "Mwenzangu wa kulia akaanguka. Nikasema nimsaidie, na mimi nikaanguka. Tulijaa uani, wengine kwenye ngazi. Nilidhani tumewekewa sumu. Nilidhani kuna mtu anatuchukia."

Mama Mfuniko aliposikia, alikimbilia kwanza nyumbani. Alimkuta mama yake, wakati huo mwenye miaka sitini na tisa, amelala mlangoni mwa choo, hawezi kuinuka wala kuita.

Jioni ile Tajiri alimfuata hospitali, akamvuta pembeni na kumwambia waseme ni maji ya bomba. Bomba lilikuwa limepasuka wiki hiyo, kila mtu alijua, nani angebisha? Funika kombe mwanaharamu apite, alimwambia.

"Na mimi kufunika ndiyo kazi yangu," anasema Mama Mfuniko. Safari hii hacheki. "Nilikaa kwenye benchi nikafikiri. Nikaona madaktari wanahangaika, huyu anauliza maji, yule anauliza dawa ya mbu. Mama yangu yuko mle ndani. Nikasema, sasa nikinyamaza wanamtibu kitu gani?"

Aliingia wodini, akamkamata daktari mkono, akamwambia: ni mimi. Akaeleza nyama ilikaa saa ngapi, ndani ya nini, imefunikwa vipi. Akafungua kitambaa, akaonyesha kidole.

Hakuishia hapo. Wiki iliyofuata, mafundi waliporudi kazini, alikwenda karakana na kuomba cherehani zizimwe. Alisimama mbele ya watu sitini akasema maneno yaleyale. Mmoja alimrushia kipande cha chaki ya kuchorea vitambaa. Wengine walitoka nje. Yule fundi wa makamo anasema yeye alibaki ameketi kwenye cherehani yake.

"Nilishtuka kuliko siku ya kutapika," anasema. "Mimi tangu nizaliwe sijawahi kuona mtu ambaye hajakamatwa akisema ni mimi."

Banda lilifungwa wiki sita. Bibi afya aliyekuja kulikagua alimkalisha Mama Mfuniko chini na kumfafanulia, na maelezo hayo anayakumbuka neno kwa neno. Nyama ya moto iliyorundikwa na kufunikwa haipoi, inabaki vuguvugu mpaka asubuhi, na vuguvugu ndiko wadudu wanakozaliana. Kidole chenye jipu ndicho kilichowapandikiza.

"Akaniambia, mama, ulikuwa unaatamia. Kama kuku. Nikamwuliza, na ile saa nzima niliyochemsha? Akasema wadudu walikufa, ila sumu waliyoiacha haijali moto. Hapo ndipo nilipolia. Kuchemsha nilikuwa nakuamini kuliko kitu chochote."

Sharti la kufungua tena lilimshtua kila mtu. Bibi afya alisema nyama iliyobaki isishikwe na mtu mwingine yeyote ila Mama Mfuniko. Tajiri alidhani amesikia vibaya. Lakini aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka, na bibi afya alitaka mtu wa kushtuka.

Saa tisa alasiri, chakula cha mchana kinapokwisha, kushtuka huko kunaonekana. Fundi Makaa anaita, "Dada, yamebaki matatu," naye anatoka ndani mbio. Mapaja matatu bado yanatoa mvuke. Ananawa mpaka kwenye viwiko, anatazama vidole vyake kimoja kimoja, mbele na nyuma, kisha anaanza kukata.

Anatoa nyama yote kwenye mfupa. Kila kipande unene wa kidole, hakizidi. Anavitandaza kwenye trei pana bila kimoja kugusa kingine, anaweka wavu wa nzi juu, anawasha feni. Hakuna mfuniko. Kila akipita karibu na trei mkono wake unanyanyuka kidogo, kisha anaurudisha kwenye aproni.

"Bado unataka kufunika?" mwandishi anamwuliza.

"Kila siku," anajibu. "Ni kama mtu aliyeacha sigara."

Baada ya nusu saa nyama imepoa. Anaifunga mifuko midogo ya mlo mmoja mmoja, ikiwa bapa kama daftari ili baridi iingie haraka, anaandika tarehe. Ya kuliwa ndani ya siku tatu inaingia kwenye friji, nyingine friza. Mifupa inakwenda kwenye sufuria ya supu hapo hapo. Mafuta yanayodondoka anayachuja, kesho yatakaanga vitunguu.

Na matumizi anayo ya kutosha. Nyama ya juzi iliyokauka anaichana nyuzi nyuzi na kuikaanga na pilipili hoho mpaka iwe na ukoko. Ile yenye mafuta anaikatakata na kuipika ndani ya wali. Vipande vizuri vinaingia kwenye mkate na kachumbari ya limau. Kila mfuko unapashwa mara moja tu, mpaka katikati yake pachemke, na kikibaki baada ya hapo hakipashwi tena.

Mafundi wa karakana walirudi mmoja mmoja. Ilichukua miezi minane kufika kumi. Sasa, pamoja na wapita njia, analisha watu kama themanini kwa siku. Mwandishi mwenyewe mchana alikula sahani mbili za wali uliopikwa kwa nyama iliyochomwa asubuhi hiyo, na angeomba ya tatu kama si aibu.

Ambaye hakurudi ni mmoja.

Mama Mfuniko anaishi na mama yake katika vyumba viwili nyuma ya duka la vipuri. Saa kumi na moja jioni, bibi huyo ameketi mlangoni juu ya kiti cha plastiki, anachambua mchele. Ana miaka sabini na moja, mwembamba, masikio makali. Siku tisa za hospitali zilimwachia figo dhaifu na chupa ya maji ambayo haimwachi.

"Mimi siogopi kufa," anamwambia mwandishi kabla hata hajaulizwa. "Nimeshazeeka. Naogopa kufia chooni."

Binti yake anaweka mkoba chini na kumwamkia. Bibi anaitikia, anamwangalia mikono. Haina kitu.

"Mfuko wangu uko wapi?"

"Nimeumwaga, mama. Umeme ulikatika."

"Umemwaga wangu tu?"

"Nimemwaga yote. Kilo tisa."

"Na wangu ulijua ni wangu?"

"Niliandika kwa mkono wangu. Nilijua."

Bibi anarudi kwenye mchele. Anatoa jiwe moja, analitupa mbali, anatafuta jingine. "Afadhali," anasema.

Mama Mfuniko anaingia ndani kubadili nguo, na mwandishi anatumia nafasi hiyo kuuliza. Thelathini na sita wengine walisamehe na wanakula. Yeye ana kinyongo gani na mwanawe mpaka leo?

Bibi anaacha kuchambua. "Nani amekwambia nina kinyongo? Amekwambia yeye?" Anageukia mlango na kupaza sauti. "Hebu njoo umwambie mgeni. Mara ya mwisho wewe kula nyama unayoipika ilikuwa lini?"

Mama Mfuniko anatokea mlangoni, nusu ya vifungo bado havijafungwa. Anatazama sakafu, na inachukua muda kabla mwandishi hajaelewa kilichosemwa.

Miaka miwili na miezi mitatu. Watu themanini kila siku, na mpishi hajatia hata uzi mmoja wa nyama hiyo mdomoni. Chumvi huonjewa na Fundi Makaa. Mchana yeye hula maharage, amejitenga, amewapa wote mgongo. Mwandishi anakumbuka zile sahani mbili alizokula mchana.

"Si kwamba ni mbaya," Mama Mfuniko anasema haraka, kwa sababu ameuona uso wa mgeni. "Ni chakula kizima, ningekiapia. Ningekuwa na shaka nacho hata kidogo nisingewapa watu, leo si umeona mwenyewe? Ni mimi tu. Nikikiweka mdomoni namwona mama pale chini. Naona nikila, ni kama nimesema yameisha."

"Na hayajaisha?" mama yake anauliza.

Mama Mfuniko anafunga kifungo kimoja, anakifungua tena.

"Mimi nilikuwa namsikilizia tu," bibi anamwambia mwandishi, lakini macho yako kwa binti yake. "Kila Jumatatu, mama utakula? Mama utakula? Hata siku moja hajasema, mama tutakula. Mpishi anakimbia chungu chake, halafu mimi niliyeponea tundu la sindano ndiye nianze?"

Mama Mfuniko anaketi kizingitini. Machozi yanamtoka na hayafuti. Anasema alikuwa anadhani mama anamwogopa. Anasema miaka yote hii amekata, ametandaza, amepima, amemwaga, akidhani kuna hatua moja bado hajaipata, na siku akiipata mama atakula. Hatua hizo zote mwandishi ameziandika kwenye daftari lake tangu asubuhi.

"Wiki nzima nilikuwa najiuliza nimekubali kwa nini," bibi anasema, sauti imeshuka. "Nikasema labda nikianza mimi, na yeye ataanza. Basi imemwagwa, imemwagwa. Kesho unachoma?"

"Kesho tunachoma."

"Lete. Sahani iwe moja."

Mama Mfuniko anafuta uso kwa upande wa khanga. Anaanza kupanga kwa sauti, kama anavyopanga kila kitu: kesho ataomba Fundi Makaa amwekee mbavu, si paja, kwa sababu nyama ya mbavu ni laini. Ataikata mapema, aipoze, na jioni aipashe hapa hapa nyumbani, mbele ya mama, mpaka ichemke katikati. Chumvi ataonja mwenyewe.

Hapo anasita.

"Nitakula," anasema. "Ila mama usije ukaniangalia."

"Nitakuangalia," mama yake anamjibu, na kusogeza sinia la mchele ili wachambue wote.